Maji ya Moto Kambini: Joto la Injini na Namna ya Kulitumia

Kilomita chache kaskazini ya mji wa Tanga, karibu na mapango ya Amboni, yako maji ya moto yatokayo ardhini yenyewe, yakiwa na harufu kali ya salfa. Huitwa maji ya Galanos, kwa jina la mlowezi wa Kigiriki aliyekuwa na mashamba ya mkonge katika sehemu hizo. Maji hayo hayahitaji kuni wala sufuria. Lakini msafiri hapigi kambi Amboni kila siku. Mtaalamu wa misitu alalaye Amani, mpimaji ardhi aliye njiani kwenda Mkwaja, watafiti wa mbu walio vijijini Muheza, watalii waliolala nje ya hifadhi ya Saadani: wote hawa hufika jioni wakiwa wamejaa vumbi au tope, mahali pasipo bomba wala umeme, na kitu pekee chenye moto walicho nacho ni injini ya gari iliyozimwa punde.

Aliye mjini Tanga aweza kuuliza maji ya moto ni ya nini, maana mwezi wa Februari maji ya pipani huwa vuguvugu bila ya kutiwa moto. Swali hilo ni halali. Hata hivyo, kutoka Muheza hadi Amani, safari isiyofika kilomita 40, gari hupanda mpaka karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai huko mtu hutafuta blanketi. Lushoto ni juu zaidi, na baridi yake yajulikana. Tena maji ya moto si ya kuoga tu. Mafuta ya samaki hayatoki vizuri sufuriani kwa maji baridi. Na, kama itakavyoonekana, ziko sehemu za mwambao ambako kupasha maji ya kuoga ni jambo la afya kabla ya kuwa jambo la raha.

Hesabu ya joto

Kupandisha joto la lita 1 ya maji kwa digrii 1 ya Sentigredi huhitaji nguvu ya kilojouli 4.2. Tuseme jerikeni la lita 20 limejazwa maji ya kijito cha Amani yenye digrii 17, na yatakiwa yafike digrii 41, kiasi kinachomfaa mtu kuoga. Tofauti ni digrii 24. Mara 20, mara 4.2, jawabu ni kilojouli 2,016.

Kilo moja ya kuni kavu ina kilojouli zipatazo 16,000, na kwa hesabu hiyo ingetosha kwa majerikeni manane karibu. Lakini mafiga matatu, hasa penye upepo, hupeleka ndani ya sufuria sehemu moja hivi katika kumi. Zilizobaki huenda na moshi, hupasha mawe na kumchoma macho mpishi. Kwa hiyo kilo moja ya kuni hutoa kilojouli 1,600 tu zenye faida, na jerikeni moja hula kilo moja na robo. Kambi ya watu wanane huteketeza kilo kumi za kuni kila jioni kwa kuoga peke yake. Kuni hizo zitoke wapi? Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 1997, na msitu wake haukatwi. Pwani, miti iliyo karibu na kambi mara nyingi ni mikoko, ambayo ndiyo makulio ya samaki na kamba, na kuikata bila kibali ni kosa.

Wazee wa mwambao walikwisha kulijua tatizo la joto lipoteaalo, na jawabu lao ni samawari. Ndani ya samawari mna bomba lenye makaa, na maji yamelizunguka bomba hilo pande zote, hata joto halina pa kukimbilia ila kupita majini kwanza. Mtambo utakaoelezwa hapa ni samawari iliyogeuzwa. Badala ya makaa kuwa katikati ya maji, maji ya moto ya injini huzunguka bomba lenye maji ya kuoga.

Kichocho na kosa la kuchanganya

Kabla ya kufika kwenye gari, yafaa kwanza kujua maji yapashwe mpaka wapi, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokosea.

Kichocho cha kibofu kimeenea tangu zamani katika tambarare za mwambao wa Tanga. Mdudu wake aligunduliwa na daktari Mjerumani Theodor Bilharz mjini Cairo mwaka 1851, na ndiyo maana ugonjwa huitwa pia bilharzia. Mayai hutoka na mkojo wa mgonjwa. Yakifika katika maji baridi yaliyotuama au yaendayo polepole, hutoa vijidudu vinavyoingia ndani ya konokono wadogo wa jamii ya Bulinus. Baada ya majuma kadhaa konokono huanza kumwaga vijidudu vingine vyenye mkia, viitwavyo serkaria, hasa saa za jua kali. Serkaria hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha, na humchukua dakika chache tu. Hapana haja ya mtu kuyanywa maji hayo; kujimwagia kwatosha.

Sasa tazama desturi ya kambini. Mpishi huchemsha lita 5 za maji, kisha huzichanganya na lita 20 zilizotekwa bwawani zenye digrii 27. Hesabu ya mchanganyiko ni hii: 5 mara 100, ongeza 20 mara 27, gawanya kwa 25. Jawabu ni digrii 41.6, maji mazuri sana ya kuoga. Aogaye huona joto lake na kuamini kwamba maji yamechemshwa. Kumbe sehemu nne katika tano za maji yale hazikuonja moto, na digrii 41.6 hazitoshi kuviua vile vijidudu. Mtu ameoga maji ya bwawa, yakiwa na uvuguvugu.

Joto linalotosha ni digrii 50 kwa muda wa dakika 5, nalo liyafikie maji yote pamoja. Kambini, ambako vipimajoto huwa vya mashaka, ni busara kulenga digrii 60. Njia ya pili haihitaji joto kabisa. Maji yachujwe kwa kitambaa ili pasibaki konokono hata mmoja, kisha yawekwe katika chombo kilichofunikwa kwa siku mbili nzima, maana serkaria asiyepata ngozi hafiki mbali zaidi ya hapo. Maji ya bahari hayana kichocho, lakini sabuni haitoi povu ndani yake, na chumvi huharibu mabomba ya chuma na hata ya shaba.

Joto lililokwisha kulipiwa

Lita 1 ya dizeli ina kilojouli zipatazo 36,000. Kwa makadirio ya jumla, theluthi moja hugeuka kuwa kazi ya kuzungusha magurudumu. Sehemu inayobaki hutoka kwa bomba la moshi na kwa maji ya rejeta, ambayo kazi yake ni kulichukua joto la injini na kulitupa hewani. Themostati huyaweka maji hayo katika digrii 80 hadi 90 hivi, gari liwe linapanda Usambara au linakwenda taratibu katika mchanga wa Pangani.

Gari lizimwapo, joto halitoweki papo hapo. Injini ya chuma yenye uzito wa kilo 200 ikipoa kutoka digrii 85 hadi 65 hutoa kilojouli 1,840, kwa kuwa kilo moja ya chuma hutoa kilojouli 0.46 kwa kila digrii. Lita 10 za maji ya rejeta zikipoa vivyo hivyo huongeza 840. Jumla ni 2,680. Kupandisha jerikeni la lita 20 kutoka digrii 27 hadi 60 huhitaji 2,772. Yaani injini iliyofika kambini ikiwa na moto wake imekwisha kubeba karibu joto lote la jerikeni moja, na dakika chache za kuiacha iunguruma taratibu hujaliza kilichopungua.

Asubuhi hesabu hiyo hubadilika kabisa. Injini iliyolala mpaka digrii 25 yataka kilojouli zipatazo 8,000 ili yenyewe ifike 85, kabla ya kumpa mtu tone la maji ya moto. Injini kubwa ya dizeli ikiunguruma bila mzigo hutumia kadiri ya lita 1 kwa saa, na tukikadiria kuwa theluthi ya joto hilo huingia katika maji yake, hupata kilojouli 200 tu kwa dakika. Hizo ni dakika 40 za kelele, moshi na dizeli ya bure. Basi maji ya asubuhi hupashwa jioni. Jerikeni la maji ya digrii 60 likitiwa katika sanduku la mbao lililojazwa sufi, makumbi ya nazi au takataka za mkonge, vitu ambavyo Tanga haijavikosa, hulala likiwa bado na joto la kutosha kunawia uso na kuoshea vyombo.

Mtambo wenyewe

Kiini cha mtambo ni koili ya shaba ndani ya mkebe wa chuma. Bomba la shaba lenye kipenyo cha milimita 12 na urefu wa mita 6 husokotwa kama chemchemi ya kitanda, likaingizwa katika mkebe usiovuja, ncha zake mbili zikitokeza nje na kuunganishwa kwa kulehemu imara. Ndani ya koili hupita maji ya kuoga. Ndani ya mkebe, nje ya koili, hupita maji ya injini. Maji hayo mawili hayakutani kamwe, ila joto hupita katika ukuta wa shaba. Vyombo vya namna hii vilivyotengenezwa viwandani kwa mabamba membamba yaliyopangwa pamoja ni vidogo zaidi na hufanya kazi upesi zaidi, lakini fundi mzuri wa rejeta aweza kuitengeneza koili bila shida.

Mkebe hufungwa katika njia ya mpira unaopeleka maji ya injini kwenye kipasha joto cha ndani ya gari. Magari mengi ya nchi za joto hayana kipasha joto hicho, lakini tundu zake huwapo katika injini zikiwa zimezibwa. Tundu moja hutoa maji ya moto, jingine huyarudisha upande ambako pampu ya injini huvuta. Usiguswe mpira mkubwa wa rejeta wenyewe: ukizuiwa hata kidogo, injini itachemka mlimani, na hasara yake haitalipwa na kuoga kokote.

Upande wa maji ya kuoga huhitaji pampu ndogo ya umeme wa volti 12, ambayo hutumia kiasi cha ampia 4, pamoja na chujio mwanzoni mwa mpira wake. Maji hutoka katika jerikeni, hupita katika chujio, pampu na koili, kisha hurudi katika jerikeni lile lile. Wengine huyapitisha mara moja tu, moja kwa moja hadi kwenye bomba la mvua. Njia hiyo ni nzuri kwa maji ya mfereji au ya mvua, lakini haifai kwa maji ya bwawa, kwa sababu maji yapitayo mara moja hayafiki digrii 60 wala hayakai dakika 5. Yakizungushwa, joto la jerikeni zima hupanda kwa pamoja, na kipimajoto kilichotumbukizwa mdomoni huonyesha ukweli. Kwa koili ya kipimo kilichotajwa, robo saa ni muda wa kutazamia.

Maji ya digrii 60 ni ya hatari kwa ngozi: sekunde 5 tu zaweza kumwunguza mtu mzima, na mtoto huungua upesi zaidi. Ni lazima yapozwe au yachanganywe, na yachanganywe na maji yaliyo salama: ya mfereji, ya mvua, au yaliyokaa siku mbili. Hapo faida huwa kubwa. Lita 20 za digrii 60 zikiongezwa lita 27 zenye digrii 27 hutoa lita 47 za digrii 41, ambazo watu wanane huoga kwa adabu wakitumia kata.

Mambo yanayodhuru

Lipo kosa moja la fundi ambalo huweza kuleta msiba. Bomba la kutolea maji ya koili lisitiwe kifungio chochote. Pampu ya umeme ikizimwa huku injini ikiunguruma, maji yaliyobaki ndani ya koili hupanda joto na kutanuka. Yakikosa njia hupasua mpira na kumrukia aliye karibu. Kifungio kikihitajika, kiwekwe upande wa kuingilia.

Maji ya injini huwa chini ya kani kubwa kuliko ya hewa ya nje. Kwa sababu hiyo hayachemki mpaka yapite sana digrii 100, na kwa sababu hiyo hiyo kifuniko cha rejeta kikifunguliwa kabla ya kupoa maji huruka usoni. Jambo lisilofikiriwa mara nyingi ni kwamba kani hiyo huamua pia uvujaji uende upande gani. Koili ikitoboka, si maji ya kuoga yatakayoingia katika injini. Ni maji ya injini yatakayoingia katika jerikeni. Nayo hutiwa dawa yenye glikoli, ambayo ni sumu. Dalili zake ni rejeta kupungua maji bila sababu, na maji ya jerikeni kuwa na rangi ya dawa hiyo. Hata pasipokuwa na dalili, maji yaliyopita katika mtambo huu si ya kunywa wala kupikia. Ya kunywa yachemshwe peke yake jikoni.

Kisha kuna moshi. Injini inayounguruma hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo humwua mtu akiwa usingizini. Gari liwekwe mahali ambako upepo unautoa moshi kambini, na hapa mwambao una hila yake. Saa kumi za jioni upepo hutoka baharini. Gari lililowekwa nyuma ya mahema, upande wa bara, hupeleka moshi wake vichakani. Usiku ukiingia hushuka umande, upepo wa kutoka bara, na gari lile lile sasa lapuliza mahemani. Kwa hiyo kazi ya kupasha maji imalizike kabla upepo haujageuka. Ni vyema pia kutazama kilicho chini ya bomba la moshi, kwa maana nyasi kavu za Handeni au Mkomazi hushika moto kwa bomba lililo moto tu. Kuhusu jiko la makaa ndani ya hema, lisiingizwe hata mvua ikinyesha. Sumu yake ni ile ile.

Jua kama msaidizi

Wasio na fundi wanaweza kulitumia jua. Bomba la plastiki lenye kipenyo cha milimita 110 na urefu wa mita 2, likipakwa rangi nyeusi na kufungwa juu ya keria, hubeba lita 16 hivi. Siku ya jua zuri pwani, kila mita ya mraba hupokea kilojouli zipatazo 18,000. Bomba hili lina eneo la mita ya mraba 0.22 linalotazama juu, na likiweza kushika theluthi ya joto hilo, maji yake yatapanda kwa digrii 20 ifikapo alasiri. Lakini lazima gari liwe limesimama: likienda mbio, upepo hunyang'anya joto karibu lote. Bomba liachiwe tundu dogo la pumzi juu. Na haifai kuunganisha plastiki ya namna hii na injini, kwani hulegea katika joto la kadiri ya digrii 60 na kuendelea. Katika siku za masika, au chini ya ukungu wa Amani, bomba hilo ni pipa la maji baridi tu.

Chokaa cha mwambao

Miamba ya mwambao ni ya matumbawe, yaani chokaa. Maji ya visima vyake huwa yameyeyusha chokaa hicho kwa msaada wa hewa ya kabonidayoksaidi. Yakipata joto, hewa hiyo hutoka, na chokaa kisichoweza tena kukaa majini huganda ukutani mwa chombo. Ndio ukoko mweupe uonekanao ndani ya mabirika ya Tanga na Pangani. Vijito vya Amani hutoka katika miamba ya namna nyingine, na ndiyo sababu sabuni hutoa povu upesi huko kuliko pwani. Ndani ya koili ukoko huo ni adui, kwa kuwa hupitisha joto vibaya mno kulinganisha na shaba, na bomba la milimita 12 halina nafasi ya kupoteza.

Dawa yake iko sokoni. Maji ya ndimu au siki yakitiwa katika jerikeni na kuzungushwa na pampu, injini ikiwa baridi, hula chokaa na kutoa mapovu ya ile hewa iliyokifunga. Mapovu yakikoma, koili imetakata; isukutuliwe kwa maji safi mara mbili. Wakati wa kufanya hivyo haukisiwi. Dereva aandike katika daftari la gari, siku ya kwanza ya mtambo, ni dakika ngapi zilizohitajika kufikisha jerikeni digrii 60. Dakika 15 zikigeuka kuwa 25, ilhali injini ni ile ile na maji yameanza na joto lile lile, ndimu zinunuliwe.